Ukubwa na Ukali wa Tetemeko la Ardhi: Namba Tunayoisikia Inapima Nini?

Kila linapotokea tetemeko kubwa la ardhi, taarifa ya kwanza inayotufikia huja na namba: 6.2, 7.0, 8.8. Namba hiyo hutajwa kwa uhakika mkubwa, saa chache baadaye hubadilishwa, na msomaji huachwa akidhani kwamba ndiyo inayoeleza kiasi cha maafa. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko lenye ukubwa wa 7.0 liliikumba Haiti na kuua zaidi ya watu laki moja. Makadirio ya idadi yao yanatofautiana sana, na mengine yanavuka laki mbili. Tarehe 27 Februari mwaka huohuo, tetemeko lenye ukubwa wa 8.8 lilitokea karibu na pwani ya Chile na kutoa nishati takriban mara mia tano ya lile la Haiti, lakini waliokufa walizidi kidogo tu mia tano. Anayeichukua namba hiyo kuwa kipimo cha maafa hawezi kuyaelewa matukio hayo mawili kwa pamoja. Ili ayaelewe, inabidi aanzie chini kabisa, mwamba unapokatika, aufuate mtikisiko hadi kwenye chombo kinachouandika, na katika kila hatua aulize ni kitu gani hasa kinachopimwa.

Mwamba hupinda kabla ya kukatika

Sehemu ngumu ya nje ya dunia, yaani ganda lenyewe pamoja na kipande cha juu cha tabaka lililo chini yake, imegawanyika katika mabamba makubwa ambayo hayajawahi kutulia. Husogea kwa mwendo wa sentimita chache kwa mwaka: mengine sentimita mbili, mengine karibu kumi. Yapo yanayoachana, kama inavyotokea katika Bonde la Ufa la Afrika Mashariki na katikati ya Bahari ya Atlantiki. Yapo yanayopishana ubavu kwa ubavu, kama katika ufa wa San Andreas huko California. Na yapo yanayokabiliana, ambapo mara nyingi bamba la bahari huzama polepole chini ya jirani yake. Matetemeko makubwa kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa, yakiwamo ya Chile mwaka 1960, Alaska mwaka 1964, Sumatra mwaka 2004 na Japani mwaka 2011, yote ni ya kundi hili la mwisho.

Mwendo huo ungekuwa laini, tusingekuwa na matetemeko makubwa. Tatizo ni kwamba kingo za mabamba zimeshikana kwa msuguano, na mahali pengine hukaa zimeshikana kwa miaka mia moja, mia mbili au zaidi, huku sehemu za mabamba zilizo mbali na kingo zikiendelea na safari yake. Kinachotokea katikati ni kwamba mwamba hupinda. Jambo hili ni gumu kuaminika kwa mtu aliyezoea kuliona jiwe kama kitu kisichokubali kupindwa, lakini ukichukua eneo lenye upana wa makumi ya kilomita, mwamba una unyumbufu na unaweza kuhifadhi nishati kwa miongo mingi bila kukatika.

Aliyeionyesha picha hii kwa vipimo alikuwa mwanasayansi wa Marekani, Harry Fielding Reid. Baada ya tetemeko la San Francisco la tarehe 18 Aprili 1906, ambapo ufa wa San Andreas ulikatika kwa urefu wa karibu kilomita 470 na pande zake mbili kupishana hata kwa mita sita hivi mahali pengine, Reid alilinganisha vipimo vya wapima ardhi vilivyochukuliwa miongo kadhaa kabla ya tukio na vilivyochukuliwa baada yake. Aliona kwamba alama zilizo mbali na ufa zilikuwa zimeanza kusogea zamani, polepole, wakati zile za karibu na ufa zilikuwa zimebaki nyuma; siku ya tetemeko, hizi za karibu zililipa deni lote kwa mara moja. Maelezo yake, aliyoyachapisha mwaka 1910, wakati ambapo wazo la mabamba yanayosogea lilikuwa bado halijakubalika, ndiyo msingi wa elimu ya matetemeko hadi leo: nishati hukusanywa polepole katika mwamba uliopinda, na hutoka ghafla mwamba unaporudi katika umbo lake.

Hapa kuna dhana inayopotosha watu wengi. Ramani za habari huonyesha tetemeko kama nukta, na nukta hiyo huitwa kitovu. Kwa usahihi zaidi, pale chini ambapo mkatiko unaanzia panaitwa chimbuko, na kitovu ni mahali palipo juu yake moja kwa moja kwenye uso wa ardhi. Lakini mkatiko hauishii ulipoanzia. Huenea juu ya uso wa ufa kwa kasi ya kilomita mbili hadi tatu kwa sekunde, kama kitambaa kinavyochanika kuanzia penye mchaniko mdogo, na tetemeko zima ni mchaniko wote, si mahali ulipoanza. Tetemeko la tarehe 26 Desemba 2004 lilianzia karibu na ncha ya kaskazini-magharibi ya Sumatra, kisha likakimbia kuelekea kaskazini kwa takriban kilomita 1,300 na kuchukua karibu dakika kumi kumalizika. Kwa tukio la namna hiyo, kumwambia mtu kwamba yuko kilomita elfu moja kutoka kwenye kitovu hakumwambii lolote la maana, kwa kuwa huenda ufa umekatika hadi mbele ya mlango wake.

Kina nacho kina uzito wake. Matetemeko mengi yenye madhara hutokea katika kilomita chache za juu au makumi machache ya kilomita, lakini mengine hutokea ndani ya bamba lililozama, hadi kina cha karibu kilomita 700. Mwaka 1994 tetemeko lenye ukubwa wa 8.2 lilitokea chini ya Bolivia katika kina kinachozidi kilomita 600. Lilisikika hadi Kanada, kwa sababu mawimbi yake yalipita katika miamba ya ndani inayoyabeba mbali, na bado madhara yake yalikuwa madogo kuliko ambavyo namba 8.2 ingemfanya mtu atarajie.

Mawimbi na chombo kinachoyaandika

Mwamba unapokatika, sehemu ya nishati huishia kuupasua na kuupasha joto mwamba wenyewe, na sehemu nyingine huondoka kwa mawimbi. Mawimbi ya kwanza kufika mahali popote huitwa P. Haya huibana na kuilegeza miamba kuelekea upande yanakoenda, sawasawa na sauti inavyosafiri hewani, na katika ganda la dunia hukimbia kilomita sita hivi kwa sekunde. Nyuma yake huja mawimbi S, yanayoitikisa miamba kuvuka njia yanakopita, kwa kasi ya takriban kilomita tatu na nusu kwa sekunde. Mwishoni hufika mawimbi ya usoni, ambayo hayaingii ndani sana bali hutambaa juu ya ardhi. Ni ya polepole, lakini huyumbisha kwa mapana na kwa muda mrefu, na katika matetemeko yasiyo na kina kirefu huweza kuleta uharibifu mkubwa.

Mawimbi S hayawezi kupita katika kimiminika, kwa kuwa kimiminika hakina ugumu wa kukirudisha kinapopindwa. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyotufungulia sehemu za ndani za dunia. Richard Dixon Oldham aliitumia tabia ya mawimbi mwaka 1906 kuonyesha kwamba dunia ina kiini. Beno Gutenberg akakadiria mwaka 1913 kwamba mpaka wa kiini hicho uko kina cha kilomita 2,900 hivi. Na mwaka 1936 Inge Lehmann, mwanasayansi wa Denmark, akatambua kwamba ndani ya kiini hicho kuna kiini kingine. Kwa maoni yangu huu ni miongoni mwa ushindi mkubwa wa akili ya binadamu: hakuna mtu aliyewahi kuchimba hata kilomita kumi na tatu kwenda chini, na bado tunajua kilichoko kilomita elfu tano chini yetu, kwa kusoma mistari iliyochorwa na mitikisiko iliyotoka upande wa pili wa sayari.

Chombo kinachochora mistari hiyo, kipimatetemeko, kinategemea kanuni moja. Ili kupima mwendo wa ardhi inabidi kuwe na kitu ambacho hakisogei pamoja nayo, na kitu hicho hakipatikani popote, kwa kuwa kila kilichopo kimesimama juu ya ardhi. Suluhisho ni kutumia inesha, yaani tabia ya kitu kizito kukataa kubadilisha hali yake ya mwendo au utulivu. Uzito ukining'inizwa kwa springi au kwa mkono unaobembea ndani ya fremu, fremu itasogea na ardhi lakini uzito utachelewa kuifuata, na tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo mwendo unaotafutwa. Mchina Zhang Heng alikuwa ametengeneza chombo cha kutambua mtikisiko tangu mwaka 132, ingawa hakikuandika mwendo wake. Vyombo vinavyoandika kwa kufuata saa viliendelezwa Japani katika miaka ya 1880, John Milne akiwa miongoni mwa walioongoza kazi hiyo. Kisha mwaka 1889 Ernst von Rebeur-Paschwitz, aliyekuwa akipima mambo mengine kabisa huko Potsdam, Ujerumani, alikuta katika karatasi zake mtikisiko ambao baadaye aliutambua kuwa umetoka Japani. Tangu hapo ilijulikana kwamba tetemeko kubwa linaweza kupimwa kutoka popote duniani.

Chombo cha leo hakina kalamu. Uzito wake huzuiwa usisogee kwa nguvu ya umeme, na kiasi cha umeme kinachohitajika kuuzuia ndicho kipimo chenyewe. Kila kituo hupima pande tatu kwa pamoja: kaskazini na kusini, mashariki na magharibi, juu na chini. Inafaa kutaja, kwa kuwa husahaulika, kwamba mtandao wa kwanza wa vituo vyenye vyombo vinavyofanana ulioenea duniani kote ulijengwa miaka ya 1960 hasa kwa ajili ya kugundua majaribio ya silaha za nyuklia yaliyofanywa chini ya ardhi. Faida kubwa kwa elimu ya matetemeko ilitoka humo.

Kwa kuwa mawimbi P na S huondoka pamoja na kufika kwa nyakati tofauti, muda unaopita kati ya hayo mawili huonyesha umbali. Katika masafa ya karibu, kila sekunde moja ya tofauti ni takriban kilomita nane. Kituo kilichosubiri sekunde 25 kati ya P na S kinajua kwamba tetemeko liko kilomita 200 hivi kutoka kwake, ingawa hakijui upande. Vituo vitatu vikichora kila kimoja duara lake kwenye ramani, mahali maduara yanapokutana ndipo tetemeko lilipo. Siku hizi kompyuta hutumia vituo vingi kwa pamoja na kukokotoa kina vilevile, lakini hoja ni ileile.

Namba ya Richter na ukomo wake

Mwaka 1935 Charles Richter, akifanya kazi California pamoja na Gutenberg, alitaka njia ya kuyalinganisha matetemeko ya eneo lake bila kutegemea hadithi za waliotikiswa. Alichagua aina moja ya kipimatetemeko na akaweka kanuni: tetemeko linalochora wimbi lenye kimo cha milimita moja kwenye chombo hicho, kikiwa umbali wa kilomita 100, lipewe ukubwa wa 3. Likichora milimita kumi, lipewe 4; likichora milimita mia, 5. Kwa kituo kilicho karibu zaidi au mbali zaidi, kulikuwa na jedwali la kurekebisha umbali.

Richter alitumia logi, yaani hesabu ambayo kila hatua moja ya namba ni kuzidisha kwa kumi, kwa sababu tofauti kati ya tetemeko dogo na kubwa ni pana mno kuweza kushughulikiwa kwa namba za kawaida. Matokeo yake ni kwamba kila hatua moja ina maana ya kimo cha wimbi mara kumi, na nishati takriban mara 32. Hatua mbili ni nishati mara elfu moja. Mtu anaposoma 6 na 8, jicho lake huona namba mbili zilizo karibu. Kilichomo ndani yake hakina ukaribu wowote. Tena kipimo hiki hakina sifuri ya chini wala kilele cha kumi. Mitikisiko midogo sana hupata namba hasi, na upande wa juu kinachoweka kikomo ni urefu wa nyufa zenyewe.

Kasoro ilijitokeza katika matetemeko makubwa. Chombo cha Richter kiliyasikia vizuri mawimbi mafupi, yale yanayorudia kila sekunde moja au chini ya hapo, lakini ufa mrefu unapokatika hutoa kwa wingi mawimbi marefu ambayo chombo hicho hakiyaoni. Kuanzia ukubwa wa takriban 7, tetemeko liliweza kuongezeka maradufu bila namba kusogea sana. Kipimo kingine kilichotumia mawimbi ya usoni kilifika mbali zaidi, kisha nacho kikakwama kidogo juu ya 8. Kwa kipimo hicho tetemeko la San Francisco la mwaka 1906 na la Chile la mwaka 1960 yalikaribiana, jambo lililowatatiza wanasayansi, kwa kuwa la Chile lilikata ufa wenye urefu wa karibu kilomita elfu moja na kutuma tsunami iliyoivuka Pasifiki nzima hadi Japani.

Suluhisho lilikuja kwa kuacha kuuliza wimbi lina kimo gani na kuanza kuuliza ni kitu gani kilichotokea kwenye ufa. Keiiti Aki alionyesha mwaka 1966 kwamba kutokana na mawimbi marefu inawezekana kukokotoa kiasi kinachoitwa momenti ya tetemeko. Momenti hiyo hupatikana kwa kuzidisha vitu vitatu: ugumu wa mwamba, eneo la ufa lililokatika, na umbali ambao pande mbili zimepishana. Hiroo Kanamori mwaka 1977, na kisha yeye pamoja na Thomas Hanks mwaka 1979, waliigeuza momenti kuwa namba inayofanana na ile ya Richter katika matetemeko ya kati, ili kumbukumbu za zamani zisipoteze thamani: chukua logi ya momenti kwa nyutoni-mita, izidishe kwa theluthi mbili, toa 6.07.

Hesabu yenyewe inaeleza mengi. Chukua ufa ambao kipande chake chenye urefu wa kilomita kumi na upana wa kilomita kumi kimeteleza sentimita 30. Kwa ugumu wa kawaida wa mwamba, ukubwa ni 5.9. Sasa chukua kipande cha urefu wa kilomita 100 na upana wa kilomita 20, kilichoteleza mita tatu: ukubwa ni 7.4. Tetemeko la pili si kwamba limetikisa kwa nguvu zaidi katika nukta ileile. Limehusisha eneo kubwa mara ishirini, limeteleza mara kumi zaidi, na limechukua muda mrefu zaidi. Kwa kipimo hiki tetemeko la San Francisco lilipata 7.9 na la Chile 9.5, kubwa kuliko yote yaliyorekodiwa, tofauti inayolingana na nishati takriban mara 250. Hiki ndicho kipimo kinachotumiwa leo kwa matetemeko yote makubwa, hata pale taarifa ya habari inapoendelea kusema "kwa kipimo cha Richter".

Momenti ina gharama yake, nayo ni muda. Mawimbi marefu hayawezi kupimwa kabla hayajafika na kupita, na ufa mrefu hauwezi kujulikana urefu wake wakati bado unaendelea kukatika. Ndiyo maana namba za kwanza hubadilika, na mabadiliko hayo si uzembe wala kuficha ukweli. Tarehe 11 Machi 2011 idara ya hali ya hewa ya Japani ilitoa makadirio ya 7.9 dakika tatu baada ya tetemeko kuanza, kwa njia ya haraka inayotumia mawimbi mafupi, na kutokana nayo ikatabiri tsunami ya mita sita katika mkoa wa Miyagi na mita tatu katika mikoa jirani. Vyombo vingi vya karibu vyenye uwezo wa kusikia mawimbi marefu vilikuwa vimetikiswa kupita ukomo wake, hivyo hesabu ya momenti ikachelewa. Tahadhari ilipandishwa takriban nusu saa baadaye, maji yakiwa tayari yanakaribia au yamefika. Namba ya mwisho ilikuwa 9.0, yaani nishati takriban mara 45 ya makadirio ya kwanza. Ukomo wa kipimo, jambo ambalo mtu angeweza kuliona kuwa la vitabuni tu, ulikuwa na uzito wa maisha ya watu siku hiyo.

Ukali ni wa mahali

Ukubwa ni mmoja kwa tetemeko zima. Kinachotofautiana kutoka mji hadi mji ni ukali, na huu hupimwa kwa njia nyingine. Giuseppe Mercalli wa Italia alipanga mwaka 1902 ngazi za ukali kwa kuangalia watu walihisi nini na majengo yalifanywa nini. Ngazi hizo zilirekebishwa baadaye, na toleo linalojulikana zaidi, la mwaka 1931, lina ngazi kumi na mbili zinazoandikwa kwa namba za Kirumi: katika I karibu hakuna anayehisi, katika V wengi wanaolala huamka, katika VIII majengo ya kawaida hupata madhara makubwa, na katika XII uharibifu ni wa jumla. Japani ina ngazi zake, kuanzia 0 hadi 7, ambazo siku hizi husomwa moja kwa moja na vyombo badala ya macho ya watu. Wahandisi nao hupendelea kupima mchapuko wa ardhi, yaani jinsi kasi yake inavyobadilika kila sekunde, kwa kuulinganisha na ule wa mvutano wa dunia, kwa sababu ndio unaowaambia jengo lilisukumwa kwa nguvu kiasi gani.

Umbali na kina vina sehemu katika ukali, lakini udongo unaweza kuvishinda vyote viwili. Tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko lenye ukubwa wa 8.0 lilitokea kwenye pwani ya Pasifiki ya Meksiko, zaidi ya kilomita 350 kutoka mji mkuu. Sehemu kubwa ya mji huo imejengwa juu ya mashapo laini ya ziwa la kale. Mashapo hayo yaliyapokea mawimbi, yakayakuza mara nyingi, na yakaendelea kuyumba kwa mdundo wa takriban sekunde mbili kila mara. Majengo mafupi sana na marefu sana yalinusurika kwa wingi zaidi. Yaliyoanguka yalikuwa hasa ya ghorofa sita hadi kumi na tano, ambayo mdundo wake wa asili wa kuyumba ulikaribiana na ule wa ardhi. Maelfu ya watu walikufa ilhali miji iliyosimama juu ya mwamba, karibu zaidi na chanzo, ilitikiswa kwa kiasi kidogo kuliko hapo.

Nchini New Zealand, tetemeko la ukubwa wa 7.1 lilitokea tarehe 4 Septemba 2010 kiasi cha kilomita arobaini kutoka Christchurch, na hakuna aliyeuawa nalo moja kwa moja. Tarehe 22 Februari 2011 likafuata la 6.2, lenye nishati ndogo zaidi ya mara ishirini, lakini safari hii ufa ulikuwa karibu kabisa na mji, katika kina cha kilomita tano hivi, wakati wa mchana watu wakiwa kazini. Waliokufa walikuwa 185.

Kwa mwanga huo Haiti na Chile si fumbo tena. Tetemeko la Haiti lilikuwa na kina cha kilomita 13 hivi na kitovu chake kilikuwa kilomita 25 tu kutoka Port-au-Prince, mji wenye msongamano uliojaa nyumba za matofali na zege visivyoimarishwa vya kutosha, katika nchi ambayo haikuwa na kanuni za ujenzi zilizotekelezwa. Ufa wa Chile ulikuwa mkubwa mara nyingi, lakini kwa sehemu kubwa ulikuwa chini ya bahari, na nchi ilikuwa imetumia miongo mingi, hasa baada ya mwaka 1960, kulazimisha majengo yajengwe ili yahimili mtikisiko. Ningependa kuona kila taarifa ya tetemeko ikitaja kina na ukali uliopimwa mijini kando ya namba ya ukubwa. Vitu hivyo hupatikana ndani ya dakika chache siku hizi, na bila hivyo msomaji hana namna ya kujua alichosoma.

Kinachoweza kukokotolewa kabla

Vipimo vya miaka mingi vimeonyesha utaratibu mmoja thabiti, ulioelezwa na Gutenberg na Richter wenyewe: kila unapopanda hatua moja ya ukubwa, idadi ya matetemeko hupungua kwa takriban mara kumi. Duniani kote, kwa wastani wa mwaka, hutokea moja hivi la ukubwa wa 8 au zaidi, kumi na tano hivi kati ya 7 na 8, na zaidi ya mia moja kati ya 6 na 7. Baada ya tetemeko kubwa, mitikisiko inayofuata hupungua kwa mpangilio alioutambua Fusakichi Omori mwaka 1894: siku ya kumi huwa na takriban sehemu ya kumi ya ile ya siku ya kwanza. Kwa hiyo wingi wa matetemeko unatabirika vizuri. Siku na saa ya tetemeko fulani hazitabiriki, na hakuna njia iliyowahi kuthibitika. Mji wa Haicheng nchini China ulihamishwa mwezi Februari 1975 saa chache kabla ya tetemeko, kwa kuwa mitikisiko midogo ilikuwa imetangulia. Mwaka uliofuata, mwezi Julai, Tangshan ilibomolewa bila onyo la namna hiyo, na idadi rasmi ya waliokufa ilikuwa takriban 242,000.

Mifumo ya tahadhari ya haraka, kama ule ambao Japani imeutumia kwa umma tangu mwaka 2007, si utabiri. Hungoja tetemeko lianze, husoma mawimbi P kwenye vituo vilivyo karibu, kisha hutuma ujumbe kwa njia ya umeme, ambao huyapita kwa mbali sana mawimbi S. Aliye kilomita mia moja hupata sekunde kumi na kitu, muda wa kusimamisha treni au kuingia chini ya meza. Aliye juu ya ufa hapati kitu.

Upande wa pili wa kazi hiyo hufanyika kati ya tetemeko na tetemeko, kwa kuendeleza kile alichokianza Reid, sasa kwa setilaiti zinazoweza kutambua mwendo wa milimita chache kwa mwaka. Mabamba mawili yakipishana sentimita tatu kwa mwaka na ufa kati yake ukiwa umeshikana kwa miaka 200, kuna mita sita za mtelezo ambazo hazijalipwa. Ikiwa kipande kilichoshikana kina urefu wa kilomita 200 na kinashuka kilomita 20 kwenda chini, mtu anaweza kuchukua karatasi, kuzidisha ugumu, eneo na mtelezo kwa njia ileile ya Aki na Kanamori, na kupata kwamba kipande hicho kikikatika chote kwa pamoja kitatoa tetemeko la takriban 7.8. Kuanzia hapo inawezekana kukadiria ukali katika kila mtaa kulingana na udongo wake, na kuamua nguzo za jengo litakalojengwa pale ziwe na chuma kiasi gani.